Theluji ya Beleshi

Kapteni Saadat Ermekova alipiga magoti kando ya jiwe lililomuua Aidai, akavua glovu ya mkono wa kulia, akachota theluji na kuisugua kwenye kiganja.

"Afande, mkono utakufa ganzi," alisema Sajini Kubat, aliyesimama nyuma yake ameegemea beleshi. Alikuwa mtu mzima, mnene, mzaliwa wa milima hii hii, na hajawahi kuvaa skii hata siku moja. "Theluji ni theluji. Unatafuta kitu gani ambacho hatukukiona siku ile?"

"Siku ile hatukuitazama theluji. Tulimtazama marehemu."

Alimwonyesha kiganja. Theluji ilikuwa imeyeyuka na kuacha maji machafu kidogo. Ndani ya maji yale mlikuwa na vijani vyembamba vya kijani, vyenye ncha kama sindano, na chembe za udongo mweusi.

"Mreteni huo," alisema Kubat.

"Na mreteni uko wapi hapa?"

Kubat aligeuka akatazama. Mteremko wa Juu wa Ak-Tör ulikuwa mtupu kutoka kileleni hadi kwenye nguzo ya lifti: majani makavu, mawe, na juu yake theluji changa isiyofika hata goti. Miti ya mireteni ilikuwa kushoto kwao, tena chini zaidi, kwenye ukingo wa korongo.

"Upepo," alisema, lakini sauti yake haikuwa na imani.

"Upepo gani unaobeba udongo kuupandisha mlimani? Nipe hilo beleshi."

Aidai alikuwa na miaka kumi na tisa, na wilaya nzima ya Tash-Bulak haikuwa na mtoto mwingine aliyewahi kuchaguliwa timu ya taifa ya skii. Alikufa mara tu kituo cha skii cha Ak-Tör kilipofungua msimu. Mteremko wa Juu ulikuwa hauguswi mpaka theluji ishibe, na kila mwaka ulifungwa kwa kamba ya njano na kibao chekundu. Siku ile kamba ilikuwa chini, imekunjwa vizuri kabisa, na kibao kimelazwa kifudifudi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Aidai alipita penye kamba kwa kasi yake ya kawaida, akafika kwenye jiwe lililofichwa na theluji nyembamba kama blanketi, na skii zake zikanasa. Alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika barabara kuu.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: nani ameshusha kamba?

Jibu lilikuja upesi mno. Kulikuwa na mtu anaitwa Zarlyk, mwokoaji wa kituo, aliyefukuzwa kazi vuli ile baada ya kumwambia meneja mbele ya wageni kwamba akifungua mapema atazika watu. Asubuhi ya ajali Zarlyk alionekana akipanda kwa miguu kandokando ya Mteremko wa Juu. Aliyemwona ni Mederbek, mjomba wa Aidai, kocha wake na msimamizi wa miteremko yote ya kituo. Mjomba anayelia machozi na kumtaja mtu kwa jina ni shahidi mzito, na Saadat hakutafuta mwingine.

Alimkamata Zarlyk siku ya mazishi, mlangoni pa hema la msiba. Zarlyk alikuwa amekuja akilia kwa sauti kama wanaume wengine wote, na nyuma yake mama yake, Uulkan, amebeba bakuli la maandazi ya matanga. Pingu zilipofungwa, bakuli lilimponyoka mama wa watu. Hakuna aliyeinama kuokota. Saadat aliyakanyaga mawili matatu akimpeleka kijana garini.

Tangu hapo Zarlyk hakusema ndiyo wala siyo. Katika kazi yake Saadat alikuwa amezoea wenye hatia wanaokana na wasio na hatia wanaopiga kelele. Huyu alikaa mahabusu ametazama ukuta. Ndiyo maana asubuhi hii amerudi mlimani.

Alichimba kwanza hatua chache kutoka kwenye jiwe, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Beleshi likakata theluji na kuonyesha ubavu wake: chini kabisa, punje kubwa kavu, zinazomwagika kama sukari, theluji ya kwanza ya mwaka iliyolala kwenye baridi bila kushikana; juu yake gamba gumu lililogandishwa na jua; halafu theluji laini ya wiki ile. Kisha akachimba juu ya jiwe lenyewe. Hapakuwa na sukari wala gamba. Palikuwa na mabonge, udongo, na vijani vya mreteni, na chini yake jiwe.

"Imeletwa," alisema.

Walishuka hadi kwenye mireteni. Chini ya matawi walikuta theluji imekatwa kwa pande nne, mraba kando ya mraba, mpaka majani yakaonekana. Alama za sleji ya kubebea majeruhi zilitoka pale zikapanda kuelekea kwenye mawe.

Kubat alipumua kwa nguvu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wapande. "Basi kesi imekaa, afande. Huyu bwana hakushusha kamba tu. Ametega mtego. Mwokoaji anajua sleji ziko wapi, anajua mawe yako wapi. Tushuke tukanywe chai."

"Ungekuwa wewe unatega, ungefunika jiwe gani?"

"Mimi?" Kubat aliangalia juu. "Lile la juu kabisa. Mtu anatoka kileleni na kasi yake yote, la kwanza kukutana nalo ni lile."

"Na lile liko wazi. Kweupe. Hata kipofu angelikwepa." Saadat alionyesha kwa mpini wa beleshi. "Yote yaliyo nyuma ya kile kinundu yako wazi. Yamefunikwa haya ya upande huu tu. Mtego wa kijinga."

"Labda alichoka."

"Au hakuwa anategea watu. Kubat, simama hapo hapo kando ya jiwe. Usiondoke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikupungie mkono."

Alishuka taratibu akigeuka kila baada ya mwendo kidogo. Kutoka kwenye njia ya miguu aliyopita Zarlyk, mawe yaliyofunikwa hayakuonekana, na yaliyo wazi yalionekana yote. Kutoka kwenye nguzo ya lifti aliona baadhi ya haya na baadhi ya yale. Alifika kwenye baraza la mgahawa wa kituo, lenye meza za mbao na viti vilivyogeuzwa, akaegemea ukingo na kutazama juu. Kubat alionekana mdogo kama mbegu, na kumzunguka ulionekana mteremko mweupe pe, usio na jiwe hata moja.

Alipunga mkono. Kubat akaanza kushuka, akaanguka, akainuka, akaanguka tena.

Meneja wa kituo, Kenesh Duulatov, aliwaona kupitia kioo, akatoka mwenyewe na birika. Alikuwa mtu wa mjini, mpole wa maneno, mwenye koti jepesi la bei mbaya, na aliwamiminia chai kidogo kidogo kwenye bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima.

"Karibuni, Kapteni. Nimesikia mmepanda. Mmepata mnachotafuta?"

"Tumepata theluji iliyobebwa kwa beleshi."

Kenesh alitikisa kichwa kwa huzuni. "Zarlyk. Sikumdhania kufika huko."

"Ni nani aliyepiga picha kutoka hapa tulipokaa?"

"Picha?" Aliweka birika chini. "Hapa wanapiga picha watu wote, dada. Ndiyo kazi ya baraza."

"Picha ya kituo. Ya kutangaza kwamba msimu umefunguliwa."

"Aa, hiyo. Hiyo ya mwaka jana. Tuliitumia siku moja tu, tukaiondoa kwa heshima ya msiba."

Kubat, aliyekuwa anakung'uta theluji kwenye suruali, alitia mkono mfukoni. "Mimi ninayo," alisema. "Mke wangu alinitumia siku ile ile. Alitaka tuje tutembee, eti theluji tele. Nikamwambia mimi na theluji tunaonana kazini." Akaiweka simu mezani.

Saadat aliitazama picha kwa muda. Mteremko wa Juu, mweupe kama shuka. Hakuna kamba. Hakuna kibao. Pembeni, nguzo ya lifti.

"Nguzo hii ni nyekundu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuja hapa mwaka jana kwa ajili ya ule wizi wa magari. Nguzo zilikuwa za kijivu, zimechubuka. Mlizipaka rangi lini?"

Kenesh alishika kifuniko cha birika, akakiinua, akakirudisha.

"Bwana Kenesh, ukisema tena mwaka jana, nitauliza swali hilo hilo mbele ya mwendesha mashtaka."

"Vuli hii," alisema meneja. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tulizipaka vuli hii."

"Endelea."

"Wewe hujui simu zinavyokuwa mwanzo wa msimu. Theluji ipo? Ipo kiasi gani? Mbona huko ng'ambo wameshafungua? Mashine zetu za kutengeneza theluji hazifiki juu, zinalisha ule mteremko wa watoto tu. Watu wanaahirisha, mmoja baada ya mwingine. Nilitaka paonekane peupe tu. Sikusema watu wapite. Nilitaka paonekane."

"Nani alifunika mawe?"

"Mederbek na wafanyakazi wawili."

"Na kamba?"

Meneja alitazama mlima badala ya kumtazama yeye. "Kamba mimi ndiye niliyesema inaharibu picha. Mederbek akaishusha. Akasema ataifunga tena mwenyewe tukimaliza. Yeye ndiye msimamizi, sikuwa na sababu ya kumfuata nyuma."

"Ulikuwepo siku ya mazishi?"

"Nilikuwepo."

"Uliniona ninamfunga pingu Zarlyk."

"Nilitazama viatu vyangu," alisema Kenesh. "Kila mfanyakazi wangu alitazama viatu vyake. Ungetuangalia, Kapteni, ungejua. Lakini na wewe ulikuwa na haraka."

Kubat alifungua mdomo amkemee. Saadat akamzuia kwa mkono. Chai yake ilibaki pale pale.

*

Mahabusu, Zarlyk alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha. Saadat aliingia bila mlinzi, akavuta kiti, akakaa upande wake badala ya kukaa mbele yake.

"Kamba ilishushwa ili wapige picha," alisema. "Wewe hukuishusha."

Kijana hakushtuka. "Sasa mnajua."

"Ulijua wewe?"

"Picha sikujua. Nilijua sikuigusa."

"Kwa nini hukusema? Nimekuuliza asubuhi, nimekuuliza jioni. Nimekuuliza kwa ukali, nimekuuliza kwa upole."

Zarlyk alisugua viganja kwenye magoti. Alikuwa na mikono mikubwa, yenye makovu ya kamba. "Uliniuliza, nani kashusha. Hukuniuliza nilifanya nini nilipoiona iko chini."

"Nakuuliza sasa."

"Nilisimama. Nikaiona imekunjwa, kibao kimelala. Nikasema, lazima wamefungua, wapumbavu hawa. Halafu nikasema, si kazi yangu tena. Walinifukuza, basi waje wafunge wenyewe. Nikapita." Alitazama mikono yake. "Ni fundo moja tu, afande. Naweza kulifunga nikiwa nimevaa glovu, nimefumba macho. Nikaipita kama mtu anayepita takataka za jirani."

"Ulipokuja kunikamata pale hemani," alisema Zarlyk, "nilidhani Mungu amekutuma. Ningekuambia nini?"

"Hilo si kosa la kumfunga mtu."

"Najua sheria. Sizungumzii sheria."

Saadat alisimama, akafika mlangoni, akageuka. "Utatoka kabla ya jua kuzama. Nikitoka hapa nakwenda kwa mwendesha mashtaka kutafuta saini. Na mimi, Zarlyk," alisita, "mimi nilikukamata kwa neno la mtu mmoja."

"Lilikuwa neno la mjomba wake," alisema Zarlyk. "Hata mimi ningeliamini."

*

Mederbek alikuwa nyuma ya nyumba ya dada yake, anapasua kuni. Hema la msiba lilikuwa bado limesimama uani, na birika kubwa za chai zilikuwa zinatoa mvuke, kwa sababu watu wa vijiji vya mbali walikuwa bado wanakuja. Lundo la kuni zilizopasuliwa lilikuwa limefika dirishani. Zingetosha mpaka masika.

"Mjomba wa marehemu hapasui kuni," alisema Saadat. "Vijana wapo."

"Nikikaa ndani watu wananipa pole." Alishusha shoka. Gogo likagawanyika.

"Na hilo linakusumbua."

"Linamsumbua kila mfiwa."

"Mederbek, nimetoka mlimani. Nimechimba juu ya jiwe. Nimekaa barazani kwa Kenesh."

Shoka lilibaki juu kwa muda, halafu likashuka polepole bila kupiga kitu. Mederbek alilichomeka kwenye gogo, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kiunoni alikuwa bado amejifunga mshipi wa msiba, kama inavyompasa ndugu wa karibu.

"Sauti chini," alisema. "Yuko ndani."

"Niambie kwa sauti unayotaka."

Alikaa juu ya gogo. Alipoanza kusema, hakumtazama. "Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Tumefunika, wamepiga, wamefurahi. Nikamwambia Kenesh, nenda, mimi nitafunga. Nikaanza kupanda. Wakaniita kutoka barazani. Walikuwa wageni, watu wakubwa, wanakula nyama choma. Mmoja akasema, si huyu ndiye aliyemfundisha Aidai? Njoo, baba, kaa, tuambie ulimfundishaje. Nikakaa."

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka ukungu ukashuka. Ukiwa unasifiwa hutazami mlima. Nilipoona ukungu nikajiambia hakuna atakayepanda kwenye hali hii. Nikaongezewa nyama. Nilikuwa nasimulia mashindano yake ya kwanza. Alivyoanguka, akainuka, akamaliza. Walikuwa wanacheka. Hapo ndipo redio ya upepo ikaita."

Kutoka ndani ya nyumba zilisikika sauti za wanawake na bakuli zikigongana.

"Kwa nini alipita kwenye ukungu?" aliuliza Saadat. "Alikuwa anajua mlima kuliko wengi."

"Kwa sababu yangu. Tangu mdogo nilimwambia, kamba ikiwepo, hata mimi nikikuita usipite. Kamba isipokuwepo, teremka bila hofu, ujue mjomba wako amekwisha kupita kabla yako na amekagua." Aliifunika midomo yake kwa kiganja, kisha akaiachia. "Hakupita kwa ujinga. Alipita kwa kuniamini."

"Na Zarlyk?"

"Nilimwona kweli."

"Hilo ndilo baya zaidi. Ulimwona kweli, ukalisema, ukatuachia tujaze lililobaki."

"Nilipotaja jina lake sikuwa nimepanga. Uliniuliza nani alikuwa juu, nikataja. Niliona uso wako unavyobadilika. Nikasema, labda wataniacha nimzike kwanza. Halafu ikawa siku moja. Halafu nyingine." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ungeuliza mara ya pili, Kapteni, ningesema. Nilikuwa nangoja uulize."

Saadat alihisi uso wake ukiwaka moto kwenye baridi ile.

"Inuka," alisema. "Sitakufunga pingu hapa."

"Niache nimwambie mwenyewe. Asiisikie kwa watu."

"Nitakuwa mlangoni."

Janyl, mama yake Aidai, alikuwa amekaa amegeukia ukuta, kama walivyo wafiwa wanawake, na kitambaa cheusi begani. Majirani watatu walikuwa wakisuuza bakuli. Mederbek aliingia, akavua kofia, akapiga magoti mbali kidogo na dada yake. Akawa anaikunja kofia mikononi.

"Sema," alisema Janyl bila kugeuka. "Tangu juzi unazunguka nyumba kama mbwa aliyeiba. Sema."

Akasema. Alisema yote kwa maneno machache kuliko aliyompa Saadat, bila kuacha nyama wala kicheko cha wageni. Jirani mmoja aliacha bakuli ndani ya maji. Mwingine alitaka kutoka, akakuta polisi mlangoni, akabaki.

Janyl aligeuka. Alikuwa mkubwa kwa Mederbek, na alikuwa amemlea baada ya mama yao kufa.

"Ulikuwa umekaa," alisema.

"Nilikuwa nimekaa."

"Unakula."

"Nakula, dada."

"Halafu ukasimama hemani kwangu, ukapokea mikono ya watu."

Mederbek aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa zulia. Janyl hakumpiga na hakumgusa. Alikaa hivyo, akimtazama mgongo, mpaka Saadat akadhani ameishiwa nguvu. Kisha mama yule akajishika ukutani, akasimama.

"Uulkan yuko kwake?" aliwauliza majirani.

"Mama yake Zarlyk? Yuko. Hatoki."

"Siku ile nilimwambia asikanyage tena kizingiti changu. Nilimwambia amezaa muuaji. Mlinisikia nyote." Alivuta kitambaa kichwani. "Nipeni viatu."

Alipita kando ya ndugu yake, akatoka. Kubat alimchukua Mederbek kwa mkono, taratibu, kama anayemwinua mgonjwa, akampeleka garini. Saadat akamfuata Janyl nyuma. Hakuna aliyemwalika.

Nyumba ya Uulkan ilikuwa mwisho wa barabara, yenye geti la bluu. Mbwa alibweka, geti likafunguka kidogo, na mwanamke mdogo wa umbo akachungulia. Macho yake yalimpita Janyl yakaganda kwenye sare.

"Amebaki ng'ombe," alisema. "Mmekuja kumchukua na yeye?"

"Mama Zarlyk," alisema Janyl, "mwanao hakufanya. Ni ndugu yangu. Ni mdogo wangu mwenyewe." Aliyumba. "Yale niliyokuambia siku ile—"

Uulkan alikuwa amekwisha kumdaka. "Nyamaza. Ulikuwa umefiwa. Aliyefiwa hashikwi kwa maneno yake." Alimweka vizuri begani kwake. Kisha akamtazama Saadat. "Wewe hukufiwa."

"Hapana, mama."

"Basi una neno gani?"

Saadat alivua kofia ya sare. "Nilimkamata mwanao kwenye msiba, mbele yako na mbele ya watu wote, bila kuwa na ushahidi wa kutosha. Nilifanya haraka. Nimekosa. Anatoka leo."

"Maneno hayo unaniambia hapa getini, tuko watatu na mbwa. Siku ile tulikuwa kijiji kizima."

"Ni kweli."

"Saa hizi watu wako wapi?"

"Bado wako barabarani. Dukani, msikitini."

"Basi kamlete sasa, kungali mchana. Usimlete usiku kama mzigo wa magendo. Pita naye barabara ya katikati, umemkalisha mbele, kando yako. Nenda."

Akaingia na Janyl ndani, geti likafungwa.

Saini ilipatikana. Saadat aliendesha gari mwenyewe. Zarlyk alikaa kiti cha mbele, na begi lake la nailoni mapajani. Walipofika mwanzo wa mtaa, Saadat alishusha kioo cha upande wa Zarlyk, kisha cha upande wake, akapunguza mwendo. Baridi ikaingia. Mbele ya duka la unga watu waliacha mazungumzo. Mzee mmoja aliinuka kwenye benchi. Kwenye uwanja wa msikiti wanaume waliokuwa wanatawanyika walisimama wakatazama, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa kituo.

"Funga kioo, afande," alisema Zarlyk chini kwa chini. "Sitaki kutazamwa."

"Na mimi sitaki," alisema Saadat.

Alisimamisha gari katikati ya barabara, akashuka bila kofia, akawaambia habari ile kwa sauti ya kutosha kufika dukani: nani hakuhusika, na nani alikosea kumkamata. Ilichukua muda mfupi. Mzee wa benchini akaja hadi dirishani, akaingiza mkono ndani ya gari, na Zarlyk, baada ya kusita, akaupokea.